Uso wa Gari na Mwili Wake: Je, Sura Mpya Huharibu Mchoro wa Kwanza?



Swali la leo ni la vijiweni, na ninalileta hapa kwa sababu linastahili zaidi ya kijiwe. Kiwanda kinatoa gari zuri, watu wanalizoea na kulipenda. Baada ya miaka kadhaa kiwanda hichohicho kinalibadili uso: taa nyingine, shoo nyingine, bampa nyingine, huku milango, paa na ubavu vikibaki vilevile. Je, kazi hiyo inaharibu mchoro wa kwanza?

Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nalo. Mara nyingi inauharibu, na sababu yake inaweza kuonyeshwa kwa kidole. Uso wa gari lililochorwa vizuri haukubandikwa juu ya mwili. Ulizaliwa na mwili huo. Upana wa shoo ulipimwa kwa upana wa boneti, kimo cha taa kilipimwa kwa mstari unaopita ubavuni mpaka nyuma, na bampa ikawekwa palipobaki. Anayekuja baadaye kubadili uso peke yake anaingia katikati ya mazungumzo ambayo hakuyaanza. Akiwa msikivu anaweza hata kuyapeleka mbele. Akiwa na haraka ya kuuza, anayakata.

Sitazunguka duniani kutafuta mfano wa kwanza. Mfano tunao hapa Karagwe na Kyerwa, na tunaupisha barabarani kila siku: Land Cruiser ya 70, ile tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba lake la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele. Askari wa hifadhi wa Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe wanaitegemea. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali kutoka kijiji cha mbali mara nyingi analazwa ndani yake. Wengi wa umri wangu tuliizoea sura yake mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Ngara na huku Karagwe, na magari meupe ya mashirika ya misaada yakajaa kwenye barabara za vumbi. Hakuna gari ambalo mkazi wa wilaya hizi mbili ameliona mara nyingi zaidi katika saa za shida.

Gari hili lilitoka mwishoni mwa mwaka 1984 kuchukua nafasi ya Land Cruiser ya 40, iliyokuwa imetengenezwa tangu mwaka 1960. Itazameni ile ya awali mkiipata, maana zipo bado, hata kama rangi imekwisha. Kioo cha mbele kimenyooka. Ubavu umenyooka. Boneti ni bapa na nyembamba, na fenda zimekaa pembeni yake chini kidogo, kiasi kwamba dereva akiwa kwenye usukani anaziona kona zote mbili za mbele. Katikati kuna shoo ya mstatili, na ndani ya shoo hiyo, kila upande, taa moja ya duara. Basi. Hakuna mstari uliowekwa ili kupendeza, na ndiyo maana mistari yote inapendeza.

Naomba tukae kidogo kwenye hizo taa za duara, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu iliposimama. Taa ya namna ile, yenye kipenyo cha inchi saba, haikuwa mali ya Toyota peke yake. Ilikuwa kipimo kilichokubalika duniani: Land Rover ilikuwa nayo, malori yalikuwa nayo, magari madogo ya aina nyingi yalikuwa nayo. Jiwe likiruka na kuvunja kioo cha taa, hukuhitaji kuagiza taa ya gari lako. Ulihitaji taa ya inchi saba tu, na duka la spea la mji mdogo lingeweza kuwa nayo. Kwa hiyo duara lile halikuwa pambo. Lilikuwa ahadi kwa mtu anayeishi mbali na kiwanda. Mchoraji aliyeweka duara mbili kwenye mstatili alikuwa anamfikiria, ajue asijue, mtu wa Kaisho na mtu wa Murongo.

Mwaka 1990 gari hili lilipata injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2, ambayo mafundi wetu wanaifungua na kuifunga kwa mazoea. Uso haukuguswa kwa kiasi cha kuumiza. Mwaka 1999 mabadiliko makubwa yalifanyika chini: springi za mbele zikawa za koili badala ya zile bapa, na rimu zikawa za nati tano badala ya sita. Ukilitazama gari hilo kwa mbele, unalitambua bila kusita kuwa ni lilelile. Hivi ndivyo kiwanda kinavyotakiwa kufanya kazi. Kilichokuwa na kasoro kilirekebishwa mahali pake, na kisichokuwa na kasoro kikaachwa.

Kisha ukaja mwaka 2007.

Toyota ilitaka kuweka ndani ya gari hili injini mpya, dizeli ya V8 yenye ujazo wa lita 4.5. Injini ya silinda nane zilizopangwa kwa mafungu mawili ni pana kuliko injini ya silinda sita zilizosimama kwenye mstari mmoja, na sehemu ya mbele ya gari ilikuwa nyembamba mno kuipokea. Wakaipanua. Boneti ikapanuka, fenda zikavimba, na ekseli ya mbele ikarefushwa. Ekseli ya nyuma haikuguswa. Katika magari ya V8, magurudumu ya mbele yakawa yameachana kuliko ya nyuma kwa karibu sentimita tisa na nusu, na hali hiyo ilidumu miaka mingi. Kila dereva aliyepita na gari hilo kwenye matope anajua maana yake: gurudumu la nyuma halipiti kwenye mfereji uliochimbwa na la mbele, linachimba wa kwake.

Uso nao ukachorwa upya. Duara zikaondoka. Zikaja taa kubwa za kioo kilichofinyangwa, zenye kona zilizolainishwa, na indiketa zikasogezwa karibu nazo, kwa mtindo wa magari ya mjini ya wakati ule. Sitasema uso huo ni mbaya ukiutazama peke yake. Ungekaa vizuri kwenye gari lenye mwili wa mviringo. Lakini nyuma yake kuna milango ileile ya mwaka 1984, kioo kilekile kilichonyooka, ubavu uleule bapa. Jicho linaanza mbele kwenye kona laini, likifika mlangoni linakuta ukuta. Simameni upande wa kushoto wa gari hilo, hatua kama sita hivi, mtaona fenda inavyovimba halafu inavyokatika kwenye mlango. Hapo ndipo mchoro ulipovunjika, na mtu hahitaji kusomea uchoraji kupaona.

Na bado, kama ingekuwa V8 tu, ningenyamaza. Injini imeomba nafasi, nafasi imetolewa, ni haki. Kinachonisumbua ni kwamba uso uleule ulipewa pia magari yenye injini ya zamani ya 1HZ, ambayo yaliendelea kutengenezwa kwa ajili ya Afrika na sehemu nyingine za dunia. Injini hiyo ilikuwa inaenea kwenye boneti ya mwanzo miaka kumi na saba bila malalamiko. Haikuomba upana. Ilipewa uso wa injini nyingine, na pamoja na uso huo ikapewa taa ambayo ni ya gari hilo tu. Ile ahadi ya inchi saba ikafutwa. Leo taa hiyo ikipasuka, mwenye gari Kyerwa anaagiza Mwanza au Dar es Salaam, analipa bei ambayo ingemnunulia zile za duara kadhaa, au anafunga taa bandia isiyomulika vizuri na kuvuka nayo usiku. Kwa gari la abiria wa mjini hilo ni usumbufu. Kwa gari la wagonjwa ni jambo zito.

Mnaona sasa kwa nini nakataa msemo wa kwamba umbo ni la macho tu, na kazi ni ya injini. Katika gari hili umbo lilikuwa linafanya kazi. Walipolibadili, sehemu ya kazi ilikwenda nalo.

Agosti mwaka 2023 Toyota ilitangaza sura nyingine ya gari hilohilo, na mauzo Japani yakaanza mwezi Novemba. Taa zikarudi kuwa za duara. Baada ya miaka kumi na sita kiwanda kilirudi kwenye wazo la mwaka 1984, na kwa kurudi huko kikasema, bila kutamka, kwamba mchoraji wa kwanza alikuwa sahihi. Nilifurahi, sifichi. Tena sura hiyo mpya inakaa vizuri: duara zinaufaa ubavu bapa, na mstari wa boneti umenyooshwa. Hata hivyo kilichorudi ni umbo. Ndani ya duara hizo, kwenye magari ya Japani, kuna taa za LED, na ile hali ya kuingia dukani na kuomba taa ya inchi saba haikurudi nayo. Ninaupenda uso huo huku nikijua ni kumbukumbu ya ahadi, si ahadi yenyewe.

Lakini tusiwaonee watu wa viwandani. Yapo mabadiliko ya uso yanayolazimishwa kutoka nje, na Land Rover ni shahidi. Ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ikiwa na uhaba wa chuma baada ya vita, mwili wake ulitengenezwa kwa aluminiamu, na taa zake zikakaa katikati, nyuma ya wavu wa mbele. Kwa miaka ishirini uso huo wa macho yaliyokaribiana ndio uliokuwa uso wa serikali huku kwetu: bwana shamba, polisi, mkuu wa wilaya. Kisha sheria za baadhi ya nchi zikataka taa ziwe pembeni zaidi, ili anayekuja mbele usiku ajue upana wa gari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamishiwa kwenye fenda. Wapenzi wa ile ya kwanza waliumia. Nami naiona ile ya kwanza kuwa nzuri zaidi. Lakini nani atabisha kwamba gari linaloonyesha upana wake gizani, kwenye barabara nyembamba ya mlimani, ni bora kuliko lile linaloonekana kama pikipiki mbili zinazokuja bega kwa bega? Hapo uzuri ulilipa deni halali. Tena waliofanya kazi ile waliifanya kwa unyenyekevu: walichukua taa ileile ya duara, wakaipeleka pembeni, hawakuongeza kitu.

Jaguar E-Type ilikuwa na bahati mbaya zaidi. Ilitoka mwaka 1961, na taa zake zilikuwa zimefunikwa kwa kioo kilichofuata mkunjo wa pua yake ndefu, hewa ikipita juu bila kukwama. Sheria za Marekani zilipokataza vioo vya kufunika taa, vikatolewa kabla ya miaka ya 1960 kwisha. Baadaye mdomo wa mbele ukapanuliwa, na mwaka 1971 injini ya silinda kumi na mbili ikaletwa na shoo kubwa zaidi. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake ukiliuliza peke yake. Ukiyapanga yote pamoja unaona gari lililokuwa jembamba na la haraka likigeuka kuwa zito. Mwili haukuwahi kuchorwa upya ili kuupokea uso huo. Sababu njema kumi, zisipokuwa na mtu mmoja wa kuziunganisha, zinaweza kuua mchoro sawasawa na tamaa ya soko.

Nimesema mara nyingi, sikusema kila mara, na sasa nawajibika kuonyesha pale ambapo sura mpya ilishinda ya kwanza. Ni Citroën DS ya Ufaransa. Ilionyeshwa mwaka 1955, kazi ya Flaminio Bertoni, Mwitaliano aliyekuwa mchongaji sanamu, na ilikuwa gari ambalo halikufanana na lolote. Bertoni alifariki mwaka 1964. Aliyeshika nafasi yake, Robert Opron, alipewa kazi ya kubadili uso wa gari ambalo watu waliliona kuwa kamilifu, na mwaka 1967 matokeo yakaonekana: taa nne nyuma ya kioo kinachofuata mkunjo wa fenda, na katika aina za bei ya juu zile za ndani zikigeuka pamoja na usukani ili kumulika kona kabla gari halijaifika. Fikirieni kifaa hicho kwenye kona za milima yetu usiku wa mvua. Uso wa Opron ulikuwa mzuri kuliko wa Bertoni, na nasema hivyo nikimheshimu Bertoni, kwa sababu Opron alifanya kile ambacho mwili ulikuwa unakidai. Mwili wa DS ulikuwa umbo moja linalotiririka kutoka mbele kwenda nyuma. Taa za kwanza zilikuwa zimechomoza na kuukatiza mtiririko huo. Yeye alizizamisha ndani. Alisoma mchoro wa mwenzake akagundua sentensi iliyokuwa haijamalizika.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kila anayebadili uso wa gari ni moja: umeusoma mwili? Land Cruiser ya mwaka 2007 haikusomwa. DS ya mwaka 1967 ilisomwa.

Mtaniuliza kwa nini viwanda vinahangaika na uso na kuuacha mwili. Ni hesabu ya fedha. Mlango, paa na ubavu wa gari hukandamizwa kwenye bati kwa mashine kubwa zenye kalibu za chuma kigumu, na kalibu hizo ni ghali mno. Kuzibadili ni karibu sawa na kuanza gari jipya. Vioo vya mbele na nyuma navyo vina kalibu zake. Lakini bampa ya plastiki, shoo ya plastiki na taa ni vitu vya kubadilika kwa gharama ndogo ukilinganisha. Ndiyo maana gari la Kijapani likifika katikati ya umri wake, miaka miwili au mitatu tangu litoke, linapewa bampa, shoo na taa mpya. Mteja anaona gari jipya. Kiwanda kinajua kimebadili plastiki. Noah tunayopanda kwenda Bukoba ni mfano. Ilitoka mwaka 1996, na mwaka 1998 ikapewa pua nyingine, na hadi leo wauzaji wanazitenganisha kwa pua hizo. Abiria aliyebanwa kiti cha nyuma na furushi lake mapajani hajaongezewa nafasi.

Sasa nifike mahali ambapo jambo hili linatuhusu sisi wenyewe, si wachoraji wa Japani na Ufaransa.

Huku kwetu uso wa gari umekuwa kipimo cha mtu. Prado iliyotoka mwaka 2009 ilibadilishwa uso mwaka 2013, ikabadilishwa tena mwaka 2017. Land Cruiser ya 200, ambayo sote tunaiita V8, ilitoka mwaka 2007, na mwaka 2015 ikaja na taa nyembamba na shoo pana yenye vyuma vizito. Mwenye gari la uso wa kwanza anajikuta, bila gari lake kuharibika hata nati moja, ameshuka daraja. Anaegesha kwenye harusi pembeni ya lenye uso mpya, na watu wanaelewa. Biashara ikaliona jeraha hilo. Zipo seti nzima za kubadili uso, nyingi zikitengenezwa China: boneti, fenda, taa, shoo, bampa. Mtu anapeleka gari gereji, siku chache baadaye anatoka na gari la mwaka mwingine kwa kulitazama mbele.

Simhukumu mwenye gari. Fedha ni yake, na hamu ya kuonekana vizuri mbele ya watu ni hamu ya binadamu. Lakini mafundi wenyewe watakubaliana nami juu ya mambo wanayokutana nayo. Nafasi kati ya boneti na fenda hailingani kushoto na kulia. Taa haikai kwenye mhimili wake, kwa hiyo inamulika juu na kumpofusha anayekuja, au inamulika chini na kumnyima dereva njia. Bampa nyepesi inalegea baada ya masika mawili ya barabara zetu. Rangi ya mbele inapauka tofauti na ya ubavuni. Na lililo zito kuliko yote: gari linapouzwa, mnunuzi asiyejua anaambiwa ni la mwaka wa uso wake. Kadi ya gari inasema jambo moja, uso unasema lingine. Mtu aliyeuza kahawa ya misimu mitatu ili anunue gari la kazi anastahili kuambiwa ukweli, na uso wa kuazima unafanya ukweli kuwa mgumu kuuona. Kijana unayetaka kununua, tazama kadi kwanza, kisha mkanda wa usalama na vioo, maana mara nyingi navyo vina alama za kuonyesha umri, halafu ndipo utazame taa.

Sasa tofautisheni hilo na mabadiliko mengine ambayo sisi wenyewe tunayafanya na ambayo nayasifu. Keria ya chuma inayochomelewa juu. Mabenchi mawili nyuma ya pikapu. Bomba za kushikilia turubai ili magunia ya kahawa yasilowe kati ya Nkwenda na Omurushaka. Springi inayoongezwa jani moja kwa ajili ya mikungu ya ndizi. Hizi ni nyongeza za watu walioisoma kazi ya gari na mwili wake, na mwili unazibeba kana kwamba ulikuwa unazingoja. Mkonga wenyewe ni wa ukoo huu: bomba la kuvuta hewa ya juu isiyo na vumbi jingi, lililokaa kwenye kona ya kioo likifuata mstari wa nguzo yake. Sijasikia mtu akisema mkonga umeliharibu gari. Umekuwa jina lake.

Nawakumbusha kwamba nchi hii ina haki ya kusema juu ya umbo la chuma. Bweranyange, hapa hapa Karagwe, palikuwa makao ya mfalme Rumanyika. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walifika kwake mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876, na Stanley akaandika juu ya nyumba ya hazina aliyoonyeshwa, yenye mikuki na sanamu za ng'ombe za shaba. Vitu vile vya kifalme, pamoja na sanamu za ng'ombe za chuma, vinahusishwa hasa na Ndagara, baba yake Rumanyika, anayekumbukwa kwa ufuaji wa chuma. Anayetazama ng'ombe wale wa chuma anaelewa haraka kwamba mfua chuma hakuhangaika na kila unyoya. Aliweka nguvu zake kwenye pembe, zile ndefu za ng'ombe wa nchi hii, na mwili ukafuata pembe. Chukua sanamu ile, kata pembe, uchomelee pembe fupi za ng'ombe wa kizungu kwa sababu ndio wanaotoa maziwa mengi siku hizi. Utakuwa hukukosea juu ya maziwa. Lakini shingo iliyofuliwa ili ibebe pembe ndefu itabaki pale, ikibeba kitu kisichokuwepo. Milango ya mwaka 1984 nyuma ya uso wa mwaka 2007 inanifanya niione shingo hiyo.

Kuna ndugu ataniambia kwamba hizi ni hisia za mtu aliyezoea kitu cha ujana wake, na kwamba kijana aliyezaliwa mwaka 2005 anauona uso wa mwaka 2007 kuwa ndio Land Cruiser. Hoja hiyo ina uzito. Mazoea yanachukua nafasi kubwa kwenye kile tunachokiita uzuri, na mimi sijayaepuka. Ila kama ingekuwa mazoea tu, tungetarajia kila sura ya zamani ililiwe na wazee wake na kusahauliwa na vijana. Haiwi hivyo. Vijana ambao hawajawahi kuiona DS ya kwanza barabarani wanaweza kuichagua ya mwaka 1967 wakionyeshwa picha. Peugeot 404, iliyochorwa na Pininfarina na kutoka mwaka 1960, ndiyo gari ambalo Bert Shankland wa Tanzania alishindia mashindano ya magari ya Safari mwaka 1966 na 1967. Kiwanda hakikuwa na haraka ya kuufukuza uso wake, na ukiiona leo, mistari yake bado inasomeka kutoka taa ya mbele hadi pembe za nyuma. Mtu asiye na kumbukumbu yoyote ya Safari anaweza kuufuata mstari huo kwa kidole. Mazoea hayawezi kueleza hilo. Uhusiano wa uso na mwili unaweza.

Namalizia na jambo ambalo fundi mmoja aliniuliza, na linastahili jibu la wazi. Zimeanza kuuzwa seti za kuipa Land Cruiser ya baada ya mwaka 2007 ule uso mpya wa duara wa mwaka 2023. Mwenye pikapu yenye injini ya 1HZ, ambaye mimi mwenyewe nimesema alipewa uso usio wake, je, anunue seti hiyo na kulirudishia gari lake duara?

Nimelifikiria sana. Akitaka kwa sababu taa zake zimepasuka na hana budi kununua nyingine, na seti hiyo ikafungwa na fundi anayepima nafasi za boneti na kuelekeza taa ukutani kabla ya kulitoa gari, afanye. Mwili bapa utaipokea duara vizuri kuliko ulivyopokea zile taa za 2007. Akitaka ili gari la mwaka 2010 lionekane la mwaka 2024, nitamwambia aache, ahifadhi fedha hiyo kwa bushi na tairi. Na kama kuna mwenye ile ya kabla ya 2007, ya boneti nyembamba na taa za inchi saba, hata ikiwa imelala nyuma ya nyumba na kuku wanatagia humo, namwomba asiiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Aipake dawa ya kutu chini, aiinue kwenye mawe ili chesisi isiguse udongo, na atoe betri.